Mbabula Iliyobaki Likasi

Kuna Jumapili moja, mwanangu Divine, ambayo haijaniondoka machoni mpaka leo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, viatu vya kuazima miguuni, na haya nyingi kuliko akili. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mtoto wa mwanangu, na wewe utaniacha niseme polepole, maana hii si habari ya kusimulia ukiwa umesimama mlangoni na simu mkononi. Kaa.

Nimeikumbuka Jumapili hiyo kwa sababu yako. Jumamosi hii wewe na wenzako mnakwenda Lubumbashi kuisikiliza ile bendi inayopiga nyimbo za vijijini kwa magitaa ya umeme. Habari hizo sikuzipata kwako. Nilizipata kwa jirani anayeuza unga, na yeye alidhani najua. Nilipokuuliza ulinijibu mimi nyanya yako, "Nkambo, nilishakuambia, umesahabu." Inawezekana nimesahau. Tutarudi hapo baadaye.

Baba yangu, unayemjua kwa ile picha moja ya ukutani, alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Jioni alirudi kwetu Kikula, hapa Likasi, akiwa mweupe kwa vumbi la chokaa mpaka kwenye kope, na sisi watoto tulimcheka kwamba ameondoka kijana na amerudi babu. Alikuwa akicheka nasi, anaoga, anakula bukari yake ya unga wa mahindi, kisha anachukua karindula.

Wewe umezaliwa ukikuta karindula zinapigwa kwenye matanga, kwa hiyo huzishangai. Mimi naishangaa ile ya baba mpaka leo. Ilikuwa pipa la bati la mafuta, mdomo mmoja umefunikwa ngozi ya mbuzi, mti mrefu umepenya ndani na kuwa shingo, na nyuzi nne alizozitoa kwenye waya za breki za baiskeli. Alipopiga ule uzi mnene, tumbo lilisikia kabla ya masikio. Familia ikifiwa, watu walimwita baba aje akae na wafiwa, na alipopiga, hata mjane aliyekataa chakula siku mbili aliinua kichwa.

Lakini ngozi ya mbuzi ina kiburi chake. Hewa ikiwa na unyevu inalegea, na karindula inabaki pipa tu. Dawa yake ni moto. Ndiyo maana baba hakutoka hata siku moja na karindula bila mbabula, jiko letu hili la makaa. Ile yake ilikuwa bati lililotobolewa, jeusi kabisa, mguu mmoja umepinda. Akifika msibani anawasha makaa, anaketi, anaielekeza ngozi kwenye joto, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anaigeuza, anaigonga tena. Wakati mwingine ilichukua nusu saa. Watu wa Kikula walijua kungoja, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Mwaka wa Jumapili ile mgongo ulikuwa umemkataza kuvunja mawe, na alikuwa anakaa nyumbani. Kukaa nyumbani kulimharibu zaidi kuliko mawe. Aliacha kofia kwa watu. Aliita mtoto wa jirani kwa jina la kaka yake. Mambo madogo, hata mimi hunitokea, lakini baba aliyaogopa, kwa sababu baba yake mwenyewe alikufa akiwa haijui nyumba yake wala wanawe. Kila alipokosea jina alijishika kichwa, na mama alijifanya anatafuta kitu jikoni.

Ndipo akaja Mwewa. Alikuwa kijana wa Lubumbashi, mpiga gitaa, nywele zake zimesimama. Alikuja kumzika shangazi yake hapa Kikula, akamsikia baba msibani, na kesho yake alikuwa ameketi uani kwetu, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Papa," alisema, "tuko na bendi ku Lubumbashi. Tunapiga nyimbo ya bankambo na gitare ya umeme. Lakini hatuna muntu wa karindula wa kweli. Kuya upige na siye Jumapili."

"Minye? Na bavijana?"

"Na siye, papa."

 Baba alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena, akakubali. Niliona uso wake ukirudi kuwa ule wa zamani, na siku zile zote za kungojea Jumapili hakukosea jina la mtu yeyote.

Sasa nikuambie ujinga wangu. Mimi nilikuwa nimewahi kufika Lubumbashi mara moja tu, na niliwaona wasichana wa kule wakitembea Jumapili na vitenge vipya na saa za mkono. Niliwaza mimi na baba tutafika mbele yao, mbele ya spika na taa na vijana wa gitaa, halafu baba yangu atachuchumaa, apulize makaa kama mama anayechoma mahindi sokoni. Moshi. Bati jeusi lenye mguu uliopinda. Na mimi nimesimama kando yake kama binti yake, ambavyo ndivyo nilivyokuwa! Niliona afadhali nife.

Jumapili asubuhi baba alipanga vitu vyake mlangoni kwa utaratibu: karindula ndani ya blanketi, mbabula, mfuko wa makaa. Akarudi ndani kubadili shati. Mimi nikachukua mbabula na makaa, nikavipeleka nyuma ya nyumba, nikavifunika kwa beseni la kufulia. Haikuchukua hata muda wa kusali Baba Yetu.

Wakati huohuo lori la Papa Hamisi likapiga honi. Papa Hamisi alikuwa jirani yetu, Mwislamu, wazee wake walitoka upande wa Maniema. Alikuwa anakwenda mjini na lori tupu kuchukua bidhaa za duka lake, na alikubali kutubeba. Baba akatoka mbio, akaikumbatia karindula kwa mikono miwili, kisha akasimama. Alitazama chini, pale palipokuwa na vitu vyake. Alitazama kama mtu anayetafuta neno. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Honi ikalia tena, akatoka.

Barabara ile unaijua, lakini wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Mvua ilitukuta njiani na haikutuacha mpaka karibu na mjini. Turubai la lori lilikuwa na matundu, na ingawa baba, huko nyuma, alivua koti lake akaifunika karindula, maji yaliingia. Mimi niliketi mbele na Papa Hamisi, mkavu, nikijitazama kwenye kioo cha pembeni. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Sikudanganyi.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja wa shule moja, mchana, mvua imekatika na jua linatoa mvuke ardhini. Baba akashusha karindula, akarudi ndani ya lori. Akatafuta chini ya magunia matupu. Akatafuta kwenye pembe zote. Akashuka, akapanda tena.

"Niliiweka ku mulango," alijisemea. "Ao sikuweka?" Kisha akanigeukia. "Mama, weye uliona mbabula?"

Alikuwa akiniita mama, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikamtazama usoni, nikasema, "Sikuona, papa."

Akajishika kichwa. Akakaa kwenye ngazi ya lori, na Papa Hamisi akamgusa bega na kumwambia, "Haina neno, ndugu yangu, Mungu iko." Baba aliitika tu.

Halafu bendi ikaanza, na hapa ndipo ninapokosa maneno mpaka leo. Vijana walikuwa wanne. Mmoja na ngoma, mmoja na gitaa nene, mmoja na malimba, na Mwewa mbele na gitaa jekundu. Nilitarajia nyimbo za redio. Mwewa akagusa nyuzi, na ikatoka ule wimbo wa kutwanga ambao nyanya yangu aliuimba kila asubuhi ya utoto wangu, ule niliokuwa nikiziba masikio ukianza kwa sababu ulimaanisha kuamka. Ulikuwa wimbo uleule, kwa kituo kilekile cha kupumua mchi unapopanda. Lakini sasa ulikuwa mkubwa kama uwanja wote. Ngoma ilikuwa kinu. Gitaa nene lilikuwa mchi. Gitaa jekundu lililia juu yake kwa sauti ambayo sikujua chuma kinaweza kuitoa, na ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyangu vya kuazima.

Wale wasichana wa saa za mkono, wale niliokuwa nawaogopa, walikuwa wameinua mikono na wanaimba maneno ya nyanya yangu. Wanayajua! Mmoja wao alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. Nilisimama nikiwa nimefungua mdomo. Nilihisi kwamba nimeishi miaka kumi na tisa ndani ya nyumba yenye dhahabu, na dhahabu hiyo nimekuwa nikiitumia kuegemeza mlango.

Na papo hapo nikamtazama baba. Alikuwa pembeni ya jukwaa, ameikumbatia karindula, anaipulizia ngozi kwa pumzi yake. Anaisugua kwa viganja, anaigonga, anasikiliza. Ilitoa sauti ya nguo mbichi. Anapulizia tena. Mzee mzima anajaribu kuikausha ngozi ya mbuzi kwa pumzi.

Mwewa akamwita. Baba akapanda, akaketi kwenye kiti, akapiga uzi mnene mara moja mbele ya mikro ya kupaza sauti. Pipa lililia kama pipa. Vijana wengine wakacheka, si kwa ubaya, wakidhani ni mchezo. Baba akainama kwenye mikro.

"Munisamehe," alisema, na spika zikaipeleka sauti yake mpaka barabarani. "Nilisahabu mbabula ku nyumba. Njo buzee."

Uwanja wote ulisikia akisema ni uzee. Mimi nilisikia zaidi ya wote.

Nilidhani Mwewa atamshusha taratibu na kuendelea. Lakini kijana yule aliuliza, "Papa inaomba moto. Nani iko na moto?" Na karibu na lango mama mmoja wa michopo, aliyekuwa anachoma nyama ya mbuzi kwenye mbabula kubwa nyeusi kuliko yetu, akapiga kelele, "Kuya, papa! Moto ni ya bote!" Akaiondoa nyama yake motoni, nyama ya kuuza, akaipanga kwenye sinia, akampisha.

Basi baba akavuka uwanja na pipa lake. Watu wakafungua njia. Akachuchumaa pale, kwenye moshi, mbele ya watu wote, kama nilivyoogopa hasa, na akaanza kazi yake. Anageuza, anagonga, anasikiliza. Mwewa aliburuta gitaa lake jekundu na waya wake mrefu mpaka ulipokomea, akachuchumaa upande wa pili wa makaa. Vijana waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Uwanja ule mzima ukamngoja mtu kupasha ngozi, kama Kikula.

Dakika zikapita. Baba akatikisa kichwa. "Haiyapanda bado," alisema. "Imekunywa maji mingi. Leo haitapanda yote."

Mwewa akacheka kidogo. "Basi, papa, siye tutashuka."

Na akashuka kuifuata sauti ya ngozi. Akalegeza uzi wa kwanza wa gitaa lake, baba akigonga, akalegeza wa pili, baba akigonga. Yule wa gitaa nene akasogea naye akalegeza. Magitaa ya mjini, yenye umeme na spika ndefu kuliko mtu, yalikuwa yanafuata pipa la mafuta la Kakontwe. Mwanangu, nimeona mambo mengi tangu hapo. Nimeona ndege ndani, nimeona watoto wangu wakizaliwa, nimemwona hata askofu. Lakini kushangaa kule sijakuona tena.

Kisha wakapiga. Sitakuelezea. Nitakuambia tu kwamba uzi mnene ulipolia ndani ya spika zile, mama wa michopo alishika tumbo kwa mikono miwili, Papa Hamisi alivua kofia, na mimi nililia mpaka puani. Baba alikuwa amefumba macho. Vidole vile vilivyovunja mawe miaka yote vilikuwa vyepesi. Na watu walipopiga makofi hakufungua macho, labda alifikiri ni mvua.

Walipomaliza, jua likiwa limeinama, Mwewa alimshika baba mikono yote miwili. "Papa, juma ijayo tunaenda Kolwezi. Uende na siye. Kila mara tukisafiri, uende na siye."

Hicho ndicho kitu baba alichokuwa anakitaka kuliko vyote duniani, na niliona furaha ikimpanda usoni. Halafu nikaiona ikishuka.

"Hapana, mutoto yangu," alisema. "Leo nilisahabu mbabula. Kesho nitasahabu njia. Papa yangu alianzaka vile vile. Muachie muzee arudie nyumbani."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuamua. Akaanza kuifunga karindula kwenye blanketi. Na mimi nikaelewa nilichofanya. Kuficha mbabula kulikuwa utoto. Lakini uwongo wangu ulikuwa umeingia ndani ya kichwa cha baba yangu, na kule ndani ulikuwa unamwambia kwamba akili yake inakufa.

 Mwewa alikuwepo, Papa Hamisi alikuwepo, wasichana wa saa za mkono walikuwepo. Nikasema, "Papa, hukusahabu. Ni minye. Mbabula iko nyuma ya nyumba, chini ya beseni. Niliificha. Nilisikia haya."

 Mwewa akatazama chini. Nilingoja kofi, na ningelipokea.

Baba alinitazama kwa muda mrefu. "Minye niliiweka ku mulango?"

"Uliiweka, papa. Na makaa."

"Sikusahabu?"

"Hukusahabu."

Akamgeukia Papa Hamisi. Midomo ilimcheza. "Hamisi! Unasikia? Sikusahabu! Akili yangu iko!" Na akaanza kucheka, mwanangu, akacheka na machozi yakimtoka, akampiga Papa Hamisi mgongoni, akamwambia mama wa michopo, akawaambia watu asiowajua kwamba hakusahau, kwamba mbabula iko nyumbani chini ya beseni. Furaha ya kujua kwamba hakusahau ilimfanya asahau kukasirika.

Lakini alikumbuka Jumatatu. Tulilala kwa ndugu wa Papa Hamisi, na asubuhi tukarudi Likasi. Safari hii niliketi nyuma pamoja naye, juu ya magunia. Tulikuwa tumepita nusu ya njia alipofungua mdomo.

"Mama," alisema, "weye unasema ulisikia haya juu ya mbabula. Mbabula haina macho, hainaka jina. Haya ulisikia ilikuwa ya minye."

  Nililia, na aliniacha nilie, hakunibembeleza. Tulipoanza kuona bomba la moshi la kiwanda cha Likasi aliongeza, "Lakini ulisema mbele ya bantu. Bengine habasemake. Kolwezi, weye njo utabeba mbabula."

Na niliibeba, kwenye mapaja yangu, kiti cha mbele cha lori, nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, na masizi yake yalikishika na hayakutoka tena. Alisafiri na vijana wale miaka mingi. Alikufa akituita wote kwa majina yetu.

Sasa nasaha yangu, na hayo mengine yote uyasahau ukitaka. Usione haya kwa kilichokulea. Unachokificha nyuma ya nyumba, huko mjini watu wanakitafuta kwa kilio, na wenye akili watashuka kukifuata. Na kama umeshakosea, kosa lako libebe mwenyewe. Usiliweke ndani ya kichwa cha mzee, kwa sababu sisi wazee tunaamini haraka sana tukiambiwa kwamba tumesahau. Ni jambo tunaloliogopa kila siku.

Nilisema tutarudi kwenye maneno yako. Tangu uliponiambia nimesahau, nimekuwa nikijihoji. Nimetaja majina ya wajukuu wote, ya majirani wote mpaka kule kisimani, nikiwa peke yangu hapa mlangoni. Yapo yote. Divine, sikusahau. Hukuniambia.

Sijakasirika. Najua ninavyocheka kwa sauti, najua ninavyosimama nikisikia karindula, na wenzako wanapiga picha. Kama gari lenu limejaa, nendeni, mtaniletea habari. Kama lina nafasi, Jumamosi asubuhi nitakuwa nimekaa hapahapa, nimeoga na nimevaa.

Mungu akufunike barabarani, kwenda na kurudi. Akufungulie masikio, usikie kwa tumbo. Akupe wa kukungoja unapopasha ngozi yako, na akupe ujasiri wa kusema mbele ya watu. Na siku utakapokuwa na mvi kama zangu, watoto wako wakuambie kweli.